Makofi Matatu Mbele ya Dirisha

Mimi ndiye mtu wa kwanza kuleta stashahada ya upigaji picha Bagamoyo. Wapo watakaobisha, lakini wanaobisha hawana karatasi. Yangu ina muhuri mwekundu na sahihi mbili, na nimeitundika mkabala na mlango ili anayeingia aione kabla hajaniona mimi. Niliipata Bombay. Nilifika huko nikiwa mpishi msaidizi melini, nikafagia sakafu ya studio ya watu mchana na kusoma jioni, miaka mitatu. Hakuna aliyenilipia hata kalamu. Mtoto wa mkulima wa Mkange, aliyevaa viatu kwa mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na saba, alirudi pwani na suti mbili, sanduku la bati lenye dawa za kusafishia picha, na kamera.

Vijana huja kuniuliza: mzee, kwa picha za mtaani, kamera ipi ndiyo hasa? Huwa nawajibu kwa ufundi, kwa kuwa ufundi ninao. Sijapata kuwaambia kwamba jibu langu lilitokana na woga, woga wa siku moja, tangu asubuhi hadi alasiri, na kwamba mpaka leo nikisikia vikombe vya kahawa vikigonganishwa nje ya dirisha langu, huacha kazi mpaka mlio upite.

Miaka ile ya mwanzo ya hamsini, mtu aliyetaka kazi ya picha alikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kamera kubwa ya mbao, ya kusimama juu ya miguu mitatu, na kitambaa cheusi nyuma cha kujifunika kichwa. Picha yake ni safi, unaweza kuhesabu nyuzi za kofia. Lakini kuisimamisha ni kazi ya robo saa, na mtu aliye mbele yake lazima atulie kama mlingoti. Ya pili ni ya kisanduku chenye macho mawili, inayoning'inia kifuani. Unainamisha kichwa na kutazama ndani yake kwa juu, kama mtu anayechungulia kisima. Watu hudhani umeangusha kitu. Ubaya wake ni kwamba ndani mwake kushoto ni kulia, na punda anayekuja huku unamwona anakwenda kule. Mpaka uzoee, punda ameshafika sokoni. Ya tatu ni ndogo, ya mkanda, inakaa kiganjani. Inalia mara moja, kama mtu anayevunja kidole kilie, basi.

Nilichagua ya tatu, na nilijua kwa nini. Nilifundishwa kwamba mtaa ukijua unatazamwa hubadili nguo. Kamera ya mtaani, kwa mujibu wa darasa letu, ni ile ambayo mtaa hauijui.

Kabla yangu Bagamoyo alikuwapo mpiga picha mmoja, mzee wa Kigoa mwenye ile kamera ya mbao. Nilimcheka sana, na si kwa siri. Alipotaka kupiga picha nje, labda ya bwana harusi au ya mwenye duka mbele ya duka lake, alisimamisha miguu yake mitatu, akavuta kitambaa, kisha kabla ya kuingiza kichwa alipiga makofi matatu, akaita, "Taswira! Taswira!" Hapo ungesikia madirisha yakifungwa mtaa mzima, pa, pa, pa, na wanawake waliokuwa barazani wakiingia ndani. Yeye alingoja. Hata dirisha la mwisho lilipofungwa bado alingoja kidogo. Ndipo akapiga picha ya mtu mmoja mbele ya mtaa uliofumba macho.

"Unapiga makofi kama mfukuza ndege wa mpunga," nilimwambia siku moja.

"Ndiyo," akasema. "Nipo hapa miaka arobaini. Mwaka wa kwanza sikupiga makofi."

"Ikawaje?"

Alikuwa akifuta lenzi, akaendelea kuifuta. Alikuwa anajiandaa kuhamia Dar es Salaam kwa binti yake, na alitaka kuniachia kamera ile kwa kuwa ilimshinda kubeba. Nilimwambia sikusoma ng'ambo ili nirudi kusukuma kabati. Hakukasirika. Alisema ataiweka hapo mlangoni mpaka siku ya safari.

Sasa niseme habari ya dada yangu, maana yote yaliyotokea yanamhusu yeye.

Dada yangu alinitangulia kuzaliwa kwa miaka sita, na ndiye aliyenibeba mgongoni. Aliolewa mjini, katika ukoo wenye asili ya Uarabuni uliofanya biashara ya mbata na kukaa katika nyumba ya mawe ya ghorofa. Walimpokea vizuri kadiri watu wa ghorofa wanavyoweza kumpokea binti wa shamba. Mumewe alimpenda. Lakini nilipokuwa baharini narudi nyumbani, mumewe alifariki kwa homa ya siku nne, na niliposhuka nilimkuta dada yangu yumo ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, amevaa nguo isiyo na rangi, haonekani na mwanamume asiye maharimu wake, hajitii manukato, wala hata kioo hajitazami. Alikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka miwili.

Kaka wa marehemu ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba. Hakuwa mtu mbaya, na jambo hilo lilinitisha zaidi, kwa kuwa mtu mbaya husema maneno asiyoyatimiza. Mbele ya wazee wa pande zote mbili alisema, "Huyu tunamheshimu. Akimaliza eda yake kwa heshima, aende atakako na mtoto wake. Akituaibisha kabla haijaisha, aende peke yake." Wazee wetu wa Mkange walitazama mkeka. Tangu hapo kila mtu alijua ni nini kimewekwa mezani.

Mlinzi wa eda hiyo alikuwa wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke mwenye funguo kiunoni. Aliketi juu ngazini kama karani wa forodha.

Basi. Alasiri moja, mwezi wa pili wa eda, nilikuwa nikitembea na kamera yangu ndani ya kiganja, nimeficha mkono chini ya koti. Mtaani alikuwapo muuza kahawa, mtu wa makamo, mwembamba, mwenye mdomo usiochoka. Mkono mmoja alibeba dele lake la shaba lenye jiko la makaa chini yake, na mkono wa pili aligonganisha vikombe. Kila siku, baada ya kuzunguka soko la samaki na mahakamani, alimalizia mzunguko wake katika baraza ya nyumba ile ya ghorofa, ambapo kaka wa marehemu na rafiki zake walikaa baada ya sala ya alasiri.

Siku hiyo walikuwa hawajatoka msikitini. Muuza kahawa alikuwa ameweka dele chini na anawachekesha wapita njia kwa kumwigiza karani fulani mnene aliyekalia kigoda kikavunjika. Aliinua mguu mmoja hewani, akabinua midomo, mikono ikatafuta pa kushika. Watu walikuwa hoi. Nikainua mkono, kamera ikalia mara moja, nikashusha mkono. Hakuna aliyejua. Nilitembea kwenda nyumbani nikijiona bwana wa mji.

Bagamoyo ya wakati ule haikuwa na umeme wa kunifaa, lakini mimi si mtu wa kukwama. Nilikuwa nimeunda mwenyewe mashine ya kukuzia picha, inayotumia mwanga wa jua kupitia tundu la dirisha. Kabla jua halijachwea nilikuwa na picha moja ya ukubwa wa postikadi, na niliyemtazama humo ni muuza kahawa tu: mguu hewani, kanzu imepeperuka, meno nje. Nilifundishwa kumtazama mhusika. Nikaikausha, nikamkimbizia kwake, na yule mtu, ambaye hakupata kupigwa picha maishani mwake, aliishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika kipepeo. "Ndiye mimi huyu?" alisema. "Mbona mzuri hivi?"

Asubuhi nikaamka niikuze picha hiyo, kubwa ya kutundika pembeni ya stashahada. Jua lilipoingia tunduni na sura ikatua juu ya karatasi, nilianza na mguu, nikapanda kwenye kanzu, nikafika begani kwa muuza kahawa. Juu ya bega lake palikuwa na ukuta. Juu ya ukuta palikuwa na dirisha. Katika dirisha, kichwa wazi, kiwiko juu ya kizingiti, alikuwapo dada yangu.

Alikuwa anacheka.

Sikuwa nimemwona akicheka tangu nirudi. Alikuwa anacheka kama tulivyokuwa tukicheka Mkange, kwa mdomo wote, mkono mmoja umeshika kifua. Nilisimama nikiangalia, na jambo la kwanza nililofikiri, Mungu anisamehe, ni kwamba lenzi yangu ilikuwa nzuri sana. Jambo la pili lilikuwa neno la kaka wa marehemu: aende peke yake. Nikakaa sakafuni katikati ya vyombo vya dawa.

Kwenye postikadi uso wake ungekuwa kama punje ya mchele. Lakini dirisha la mtu, mwenye nyumba hulijua hata kwenye punje. Na postikadi ile ilikuwa mfukoni mwa mtu aliyezungukia mji mzima, ambaye saa tisa na nusu angekaa barazani chini ya dirisha lenyewe na kusema, jamani, nitazameni.

Nilichukua mkasi nikaukata mkanda pale pale. Nilikata vipande vidogo visivyoweza hata kushikika, nikavichoma, chumba kikajaa moshi wenye harufu ya kucha zilizoungua. Kwa haraka nilijikata kidole gumba. Kisha nikatoka bila tai. Kwangu mimi wakati ule, kutoka bila tai ilikuwa sawa na kutoka bila suruali.

Nilimkuta muuza kahawa soko la samaki. Nilimsikia kabla sijamwona. "Tazama huu mguu! Mguu wa kijana wa miaka ishirini huu!" Wachuuzi walikuwa wamemzunguka, na postikadi ilikuwa inapita kwenye vidole vyenye magamba.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, Bwana Diploma. Njoo, njoo. Jamani, fundi mwenyewe huyu. Mkono wake una jicho."

Nikamvuta pembeni. Nilikuwa nimetunga uongo njiani. "Mzee wangu, ile picha haikuoshwa vizuri. Dawa bado imo. Nipe nikaioshe, nitakurudishia kesho."

"Isipooshwa?"

"Itafifia."

"Lini?"

"Baada ya siku chache."

Akacheka. "Basi iache ifurahi siku zake. Mimi mwenyewe nafifia, hakuna aliyekuja kuniosha."

"Nitakupa kubwa zaidi."

"Sitaki kubwa, kubwa haiingii mfukoni." Akaipokea kutoka kwa mchuuzi wa pweza, akaifuta kwa pindo la kanzu. "Bwana Diploma, mimi nina miaka ishirini na tano nawachekesha watu hawa. Wakishacheka wanasahau, kesho nianze upya. Leo ndiyo mara ya kwanza kichekesho changu kimebaki. Wewe umenipa kwa mkono wa kulia. Utakuja kukinyang'anya?"

Nilitaka kumwambia. Neno lilifika kwenye ulimi. Lakini ningemwambia nini? Nikitaja dirisha, angelitazama dirisha, na mtu huyu alikuwa gazeti la mji. Mpaka wakati huo hakuna aliyeangalia kitu kingine zaidi ya mguu. Kila neno ambalo lingemwokoa dada yangu lilikuwa ndilo lingemwonyesha. Stashahada yangu yote haikuwa na ukurasa wa jambo hilo.

"Tutaonana barazani," akasema, akaenda zake akigonganisha vikombe.

Nikaenda kwa dada. Ndugu wa damu hazuiwi, lakini wifi alisimama ngazini akinipima.

"Leo huna kijisanduku chako, shemeji?"

"Sina."

"Afadhali. Watu wanasema kinanyonya damu. Na hicho kidole?"

"Nimejikata."

"Basi kimekunyonya wewe kwanza." Akanipisha, lakini akaja kuketi mlangoni mwa chumba, akachagua mchele kwenye ungo. Hakuwa na haraka. Dada yangu alikuwa ameketi juu ya mkeka, mtoto amelala pajani. Dirisha lilikuwa nyuma yake, limefungwa nusu.

Nilisalimia kwa Kiswahili, nikauliza hali kwa Kiswahili. Kisha, kwa sauti ile ile ya kuuliza hali, nikaingia Kizigua cha kwetu, ambacho wifi hakukijua neno. Nikamweleza. Nilitabasamu muda wote nikieleza, na kutabasamu huko ndiko kulikoniumiza mashavu kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya.

Dada hakubadilika uso. Mkono wake tu ulihama kutoka mgongoni kwa mtoto ukaenda kwenye kisigino chake kidogo, ukakishika.

"Nilisikia watu wanacheka," akasema kwa Kizigua. "Nikasema nitazame kidogo. Nilisahau. Niliposahau nikacheka." Akautazama mfuko wangu. "Unayo hapo?"

"Nimekata kila kitu. Imebaki ile moja tu."

"Tangu tumzike sijajiona hata kwenye maji ya ndoo. Nilikuwaje?"

Nilimwangalia. Nilikuja nikitarajia kilio, au laana. "Ulicheka mpaka jino la mwisho," nikasema.

"Mnazungumza nini hayo?" wifi akauliza mlangoni.

"Habari za mahindi," dada akajibu kwa Kiswahili. "Nguruwe wameingia shamba la mama." Kisha akanigeukia, na kwa sauti ya mtu anayeendelea na nguruwe, akanipa agizo. Nisimwibie yule mtu picha yake, wala nisikimbie nayo, maana mwenye kukimbia huulizwa. Niende nikae barazani kama shemeji yao, ninywe kahawa, na nifanye nitakalofanya mbele ya macho yao. "Na uwe wa kwanza kucheka," akasema, "ukiweza."

Saa tisa na nusu nilikuwa barazani. Wanaume walikuwa watano, na kaka wa marehemu ameketi kwenye kona yake, mgongo ukutani, kanzu nyeupe pe. Dirisha lilikuwa juu ya vichwa vyetu. Niliketi mkabala naye ili nisilione, lakini nilihisi lipo, kama mtu anavyohisi nazi iliyolegea juu ya kichwa chake.

Muuza kahawa akaja, akaweka dele, akapuliza makaa, akamimina. Nikapokea kikombe, nikakiweka chini bila kukionja. Kisha akaingiza mkono mfukoni.

Picha ilianza kwa mtu wa kulia kabisa. "Ebo, huyu ni wewe?" Kicheko. Ikahamia kwa wa pili, akasema mguu kama wa korongo. Wa tatu akasema hapana, korongo ana haya. Nilicheka. Dada alisema niwe wa kwanza, nikawa wa mwisho, na kicheko changu kilitoka kama kikohozi. Mtu wa nne aliipeleka picha kwa kaka wa marehemu kwa mikono miwili, kwa heshima.

Yeye aliinyoosha mbali, urefu wa mkono, kama watu wa umri wake wanavyofanya. Akatabasamu. Kisha tabasamu likasimama.

"Hii si nyumba yetu?"

"Ndiyo yenyewe, bwana," muuza kahawa akasema kwa fahari. "Nilikuwa nimesimama hapo hapo."

"Na lile dirisha letu." Akaisogeza karibu, akaipeleka mbali tena, akakunja jicho moja. "Kuna kitu hapa. Sioni sawasawa." Akainua uso kuelekea juu, akamwita dada yake kwa sauti ya kawaida kabisa. "Niletee miwani yangu, iko kwenye rafu ya msahafu."

Juu nikasikia funguo zikilia. Nikasikia miguu ya wifi ikivuka sakafu ya mbao, ikienda upande wa rafu. Nilikuwa nimeogopa mara nyingi maishani, melini katika dhoruba, na Bombay nilipougua bila ndugu. Woga ule ulikuwa wa mwili wangu. Huu ulikuwa wa kisigino cha mtoto. Miguu ya wifi ikageuka. Ikaanza kushuka ngazi.

"Naomba niione, shemeji," nikasema, nikanyoosha mkono. Nilimwita shemeji na sauti ilinyooka, sijui ilitoka wapi. Akanipa, kwa kuwa kazi ni ya fundi.

Nikaitazama picha ile nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Kisha nikasema kwa nguvu, ili hata wa mtaani wasikie, "Aibu gani hii."

Wote wakanigeukia.

"Aibu," nikarudia. "Sikuiona vizuri jana. Hii si picha. Mwanga umeharibika, ukuta una madoa ya dawa, yale mnayoyaona ni uchafu wa mkono wangu. Mwanafunzi wa wiki moja hapigi hivi. Mimi nawadanganya watu, jamani. Karatasi ninayo, kazi siijui." Na kabla mtu hajajibu, nikainama nikaitia kwenye makaa chini ya dele.

Ilijikunja. Mguu ulioinuliwa ulikwenda kwanza, kisha kanzu, kisha ukuta.

Muuza kahawa hakusema kitu. Aliyekuwa hanyamazi tangu azaliwe, alitazama makaa yake mpaka karatasi ikawa jivu, na hata jivu akalitazama. Aliyesema kwanza ni mtu wa tatu, yule wa korongo.

"Miaka mitatu Bombay," akasema polepole.

"Labda alikuwa anafua nguo," mwingine akasema.

"Hapana, fundi wa kufua hujua doa."

Wakacheka, na safari hii walicheka kweli kweli, wakipiga mapaja. Nilikaa katikati ya kicheko hicho nikakipokea chote. Wifi akatokea mlangoni na miwani mkononi.

"Picha iko wapi?"

"Diploma ameipika," kaka yake akasema, naye akifuta machozi ya kicheko. Akapokea miwani akaivaa, hakukuwa na cha kusoma, akanitazama mimi. Aliangalia kidole changu kilichofungwa kitambaa. Aliangalia kikombe changu kilichojaa. Halafu akaivua miwani, akaikunja taratibu, akaitia mfukoni. Mpaka akaenda kaburini, sikujua alichokiona siku ile na alichoamua kutokukiona.

Nilipata jina jipya mjini, Diploma ya Majivu, na lilinifuata miaka. Wateja watatu walihamishia harusi zao kwa mpiga picha wa Dar es Salaam. Mimi ninayeandika haya najua nilivyoijua kazi, na sasa nanyi mnajua. Lakini miezi miwili iliyobaki ya eda sikulala vizuri hata siku moja. Wifi akinitumia mtu, nilivaa viatu nikiwa nimeshaishiwa pumzi. Mara zote alikuwa anataka kitu kidogo, nimtafutie sindano za cherehani, niandike barua. Na kila alasiri muuza kahawa alipita mbele ya mlango wangu na vikombe vyake, na akifika hapo aliacha kuvigonganisha. Alipita kimya mpaka avuke, ndipo aanze tena.

Wiki ile ile nilikwenda kwa mzee wa Kigoa. Kamera ilikuwa mlangoni kama alivyosema.

"Nimekuja kuichukua," nikasema.

Akakikunja kitambaa cheusi, akanikabidhi. Habari za majivu zilikuwa zimemfikia, kama zilivyomfikia kila mtu. Hakuniuliza. "Na makofi?" akasema.

"Na makofi."

Akanisaidia kuibeba mpaka barabarani. Ilikuwa nzito kama nilivyosema, nzito kama kabati.

Picha ya kwanza niliyopiga kwa kamera ile ilikuwa ya muuza kahawa. Ilinichukua wiki tatu kumshawishi. Nilimsimamisha mtaani, mahali pale pale. Nikapiga makofi matatu, nikaita, nikasikia madirisha yakifungwa, pa, pa, pa, na la mwisho kabisa lilikuwa lile la ghorofani. Nikangoja. Nikangoja kidogo zaidi. Alijaribu kuinua mguu, nikamwomba aushushe, kwa kuwa kamera ile haiwezi mguu. Alisimama wima, dele mkononi, uso kama wa shahidi mahakamani. Nilipompa picha aliitazama, akashukuru kwa adabu, akaiweka mfukoni. Sikuwahi kusikia kwamba alimwonyesha mtu.

Basi nikiulizwa kamera ipi, nasema ya mbao, ya miguu mitatu, na nawapa sababu za lenzi na za mwanga. Hupiga vizuri nyuzi za kofia. Mtaa wetu hauna haja ya kuibiwa, una haja ya kuambiwa.

Eda ilipoisha, dada alioga, akabadili nguo, akateremka ngazi kwa miguu yake na mtoto kiunoni. Kaka wa marehemu alitimiza neno lake bila kupunguza. Kabla hawajapanda lori la kwenda Mkange, niliwapitisha kwangu, nikawaketisha mbele ya pazia. Ndani hapakuwa na dirisha la mtu yeyote, lakini nilipiga makofi, mkono ulishazoea. Nikaingiza kichwa chini ya kitambaa, nikamwona dada yangu kichwa chini miguu juu, kama kamera ile inavyoonyesha, mtoto amemshika sikio.

"Nicheke?" akauliza.

"Usicheke, dada," nikasema kutoka gizani. "Utatikisika."